Kunoa picha kabla ya kuipeleka labo: mwongozo kamili kwa wapiga picha wa Goma

Kila msimu wa harusi mjini Goma malalamiko ni yale yale. Picha ilikuwa safi kwenye ekrani, lakini karatasi iliyotoka labo ina nyuso zilizofifia. Au kinyume chake: misuko ya bibi harusi imekuwa kama waya, na shingo ya bwana harusi imezungushiwa mstari mweupe juu ya kola. Lawama humwangukia fundi wa labo, na mara nyingi hana kosa. Picha ilinolewa mapema mno, ikanolewa kwa kulifurahisha jicho mbele ya ekrani, halafu ukubwa wake ukabadilishwa.

Kunoa hakuongezi kitu ambacho lenzi haikukiona. Programu hutafuta mahali ambapo giza na mwanga vinapakana, ikapaka mstari mwembamba wa weupe upande wa mwanga na wa weusi upande wa giza. Jicho likiona mpaka umekolea, husema picha ni kali. Kwa hiyo swali la msingi ni moja: huo mstari utakuwa na upana gani juu ya karatasi? Hatua zote zilizo hapa chini zinalitumikia swali hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili asili kutoka kwenye kamera, RAW (faili ghafi ya kamera) ikiwezekana, au JPEG ya ukubwa kamili. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida haifai: mara nyingi hushushwa hadi pikseli 1600 upande mrefu, na hizo hazifikii hata 1772 za karatasi ya 10×15 kwa pikseli 300 kwa inchi.
- Photoshop, au GIMP ambayo ni ya bure. Majina ya menyu humu ni ya Kifaransa, kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi za kwetu zilivyowekwa.
- Majibu manne kutoka labo: ukubwa kwa sentimita, pikseli ngapi kwa inchi, karatasi ni *brillant* (ya kung'aa) au *mat* (isiyong'aa), na kama mashine yao inanoa yenyewe.
- Rula yenye milimita.
- Flashi ya USB ya kubebea faili.
- Pesa ya picha moja ya 10×15 ya majaribio, kwenye karatasi ile ile utakayotumia mwishoni.

Kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, hifadhi kazi kila hatua ikimalizika. Umeme hauagi.

## 1. Amua kama picha inafaa kunolewa

Fungua picha kwa asilimia 100 na utazame jicho lililo karibu na kamera. Kope zinahesabika? Endelea. Kama jicho limefifia huku sikio au ua la kifuani ni kali, fokasi ilikosea mahali, na kunoa kutaliimarisha hilo sikio zaidi.

Kisha tafuta nukta za mwanga: hereni, taa za ukumbi, shanga. Nukta iliyovutwa kuwa kistari inaonyesha kamera ilitikisika. Hilo hutokea sana kanisani jioni, kasi ikiwa 1/30 ya sekunde. Ukinoa picha ya namna hiyo, kila kistari kitapata mipaka miwili na mtikisiko utaonekana mara mbili.

Dawa ya kweli ya picha iliyolegea kidogo ni kupunguza ukubwa wa karatasi. Picha isiyostahimili 30×45 inaweza kupendeza kwenye 13×18. Mwambie mteja mapema, kabla hajalipia fremu kubwa.

## 2. Ondoa chembechembe na vumbi kwanza

Chembechembe za ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 3200 kwenda juu nazo zina mipaka ya giza na mwanga, na programu haiwezi kuzitofautisha na kope. Zipunguze kabla ya kunoa. Madoa ya vumbi la sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), yale ya mviringo yanayoonekana kwenye anga, yafute sasa pia. Rangi, mwangaza na kontrasti vimalizwe hapa hapa, kwa sababu ukiongeza kontrasti baada ya kunoa unainua na ile mistari myeupe.

Usizidishe kulainisha. Ngozi ikianza kufanana na plastiki, rudisha nusu ya ulichoondoa.

## 3. Kunoa kwa kwanza, kwepesi sana

Hatua hii ni ya faili za RAW peke yake. Sensa ya kamera hulegeza picha kidogo, na RAW huja bila kunolewa. Katika Lightroom, programu ya kuandalia faili za RAW, thamani za mwanzo ni Gain 40, Rayon 1,0, Détail 25 na Masquage 0 (maana ya Gain na Rayon iko katika hatua ya 6). Zinatosha. Badilisha Masquage tu: kwa picha za watu ipandishe hadi 50 au 60 huku umeshikilia kitufe cha Alt. Sehemu nyeusi hazitaguswa, nyeupe zitanolewa. Unataka uone macho, nywele na mikunjo ya nguo kwa weupe, na mashavu yakiwa meusi.

JPEG ya kamera imekwisha kunolewa ndani ya kamera, na ya simu imenolewa kwa nguvu zaidi. Kwa hizo ruka hadi hatua ya 4, na katika hatua ya 6 anza na theluthi mbili ya namba tunazotoa.

Hifadhi faili hii bila kunoa zaidi. Ndiyo faili mama. Mteja akirudi mwakani kutaka ukubwa mwingine, utaanzia hapa.

## 4. Kata, kisha weka ukubwa wa mwisho

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Chukua picha ya kamera yenye pikseli 6000 upande mrefu, uinoe kwa Rayon 1 (Rayon ni upana wa ile mistari), kisha uipunguze hadi pikseli 1772 za karatasi ya 10×15. Umeipunguza zaidi ya mara tatu, na mstari uliokuwa wa pikseli moja umebaki theluthi ya pikseli. Umeyeyuka. Sasa fanya kinyume: picha ya pikseli 1600 inolewe, kisha ikuzwe hadi 3543 kwa ajili ya 20×30. Mstari umenenepa mara mbili na zaidi. Mchapaji hakugusa kitu. Hesabu ndiyo iliyoharibu.

Kwa hiyo kata kwanza kulingana na umbo la karatasi. Kamera nyingi hutoa umbo la 3 kwa 2, linaloingia sawasawa kwenye 10×15, 20×30 na 30×45. Simu hutoa 4 kwa 3, na 13×18 si sawa na mojawapo. Usipokata wewe, mashine itakata, na itakata vidole vya miguu.

Kwa pikseli 300 kwa inchi, upande mfupi ukitangulia:

- 10×15 cm: 1181 × 1772
- 13×18 cm: 1535 × 2126
- 20×30 cm: 2362 × 3543
- A4: 2480 × 3508
- 30×45 cm: 3543 × 5315

Katika Photoshop nenda «Image», kisha «Taille de l'image». Andika sentimita na 300, acha «Rééchantillonnage» ikiwa imewashwa, chagua «Bicubique» ya kawaida. Kuna aina nyingine ya kupunguzia inayonoa yenyewe. Iepuke, maana utashindwa kujua nani kafanya nini. Katika GIMP ni «Image», kisha «Échelle et taille de l'image».

Umefaulu ikiwa namba za pikseli zinalingana na orodha hii. Kuanzia hapa ukubwa haubadiliki tena.

## 5. Tengeneza tabaka la kunolea

Nakili tabaka la picha («Dupliquer le calque») na ufanyie kazi juu ya nakala. Badilisha namna ya kuchanganya kutoka «Normal» iwe «Luminosité» katika Photoshop, au «Luminance» katika GIMP. Sababu: kunoa rangi zote pamoja huleta mistari ya rangi pembezoni mwa vitambaa vilivyokolea. Kitenge chekundu chenye maua ya njano ndicho kinachoumbuka kwanza. Kwa njia hii mwanga pekee unanolewa, rangi inabaki ilivyokuwa.

## 6. Namba tatu: Gain, Rayon, Seuil

Katika Photoshop fungua «Filtre», «Renforcement», «Accentuation». Katika GIMP kiko chini ya «Filtres», «Amélioration», na Gain huitwa Quantité. 1,0 yake ni takriban asilimia 100.

Rayon ni upana wa ile mistari. Chagua hii kwanza. Kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja juu ya karatasi ni milimita 0,085. Mtu anayeona vizuri akishika picha umbali wa sentimita 30, kitu kidogo anachoweza kutenganisha ni karibu hicho hicho, milimita 0,09 hivi. Ndiyo maana Rayon ya karibu na 1 inafanya kazi: mpaka unakolea, lakini mstari wenyewe hauonekani. Ukifika 3 mstari unaanza kuonekana kama mstari, na picha imekwisha.

Gain ni nguvu ya mistari. Seuil ni kizingiti: tofauti ya mwanga kati ya pikseli jirani isipofikia namba hiyo, katika ngazi 0 hadi 255 za Photoshop, sehemu hiyo inaachwa (GIMP 2.10 huhesabu 0 hadi 1, hivyo huko gawanya namba kwa 255: 3 ni takriban 0,012). Seuil 0 inanoa hata vinyweleo. Seuil 10 inaacha ngozi, lakini mpaka kati ya kilichonolewa na kisichonolewa huanza kuonekana kama viraka. Baki kati ya 2 na 4.

Anzia hapa:

- 10×15 au 13×18, karatasi ya kung'aa: Gain 120, Rayon 0,8, Seuil 3.
- 20×30 hadi 30×45, karatasi ya kung'aa: Gain 150, Rayon 1,0, Seuil 3.
- Karatasi isiyong'aa kwenye mashine ya wino: Gain 180, Rayon 1,3, Seuil 3. Karatasi hii hunywa wino na tone husambaa, hivyo sehemu ya ukali hupotea njiani.
- Kalenda au kadi za ofseti: Gain 180, Rayon 1,5, Seuil 3. Rangi hugawanywa katika vidoto, na vidoto hula vitu vidogo.

Namba hizi si sheria kwa kila picha. Kuta za mawe meusi ya volkano, ambazo huwezi kuzikwepa Goma, zina maelfu ya vitundu, na kila kitundu kina mpaka wake. Ukuta huo nyuma ya familia ukinolewa kwa Rayon 1,3 unametameta kama umemwagiwa chumvi na kuvuta jicho mbali na watu. Shusha Rayon hadi 0,6, au ufiche ukuta wote katika hatua inayofuata. Bazin yenye mng'ao na lesi nyembamba zina hatari nyingine: nyuzi zikikaribiana na ukubwa wa pikseli hutokea mawimbi yasiyokuwepo kwenye nguo. Kunoa huyaongeza, kwa hiyo nguo hiyo iache.

Na ekrani? Kompyuta ndogo ya inchi 15,6 yenye pikseli 1366 × 768 ina pikseli 100 kwa inchi. Ukitazama kwa asilimia 100 faili ya pikseli 300 kwa inchi, unaiona imekuzwa mara tatu: 10×15 yako inaonekana kama 30×45. Lazima itakutisha. Tumia asilimia 100 kutafuta kasoro, na 50 kuhukumu. Kwa 50 picha iliyo tayari kwa karatasi huonekana *imezidi kidogo*, kope na nywele zikiwa na ukavu fulani. Ukiipunguza hadi ikupendeze kwenye ekrani, umerudi kwenye kosa la mwanzo.

## 7. Ficha ngozi, anga na mipaka mikali

Weka barakoa juu ya tabaka: «masque de fusion» katika Photoshop, «masque de calque» katika GIMP. Chukua brashi nyeusi yenye kingo laini, nguvu asilimia 60, upake juu ya mashavu, paji la uso, pua na shingo. Macho, nyusi, midomo, nywele, misuko na vito usiviguse.

Kwa ngozi nyeusi hatua hii haina mjadala. Mng'ao wa mwanga kwenye paji na pua ni mpaka mkali wa mwanga na giza. Ukinolewa uso unaonekana umejaa jasho au mafuta, hata kama bibi harusi alipakwa poda kwa uangalifu. Watu wanastahili kuonekana kama walivyokuwa siku hiyo.

Mahali pa pili ni pale giza zito linapokutana na weupe mtupu. Kola nyeupe na shingo, shela na nywele, mgongo wa Nyiragongo na anga lenye ukungu, mtumbwi na maji ya Kivu yenye mwanga wa saa sita. Huko mstari mweupe huonekana hata kwa Gain ndogo. Pitisha brashi nyembamba ya asilimia 40 kando ya mpaka wenyewe. Anga lipake lote kwa asilimia 100. Halina cha kunoa isipokuwa chembechembe.

Zima na uwashe tabaka mara kadhaa. Ngozi isibadilike sana, macho yabadilike waziwazi.

## 8. Kipande cha majaribio

Hatua hii hurukwa kwa sababu inagharimu. Inagharimu picha moja ndogo, na inaokoa fremu ya 30×45.

Fungua picha uliyokwisha kuweka ukubwa wa mwisho, bado haijanolewa. Chagua eneo la pikseli 443 × 1181 lenye jicho, nywele na kipande cha nguo. Linakili bila kubadilisha ukubwa. Tengeneza faili mpya ya pikseli 1772 × 1181, pikseli 300 kwa inchi, yaani 10×15 iliyolala. Bandika kipande hicho mara nne, kimoja kando ya kingine, kila kimoja kwenye tabaka lake.

Cha kwanza kiache bila kunolewa. Vitatu vilivyobaki vinoe kwa Gain 100, 150 na 200, Rayon na Seuil zikiwa zile zile. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia. Andika namba kwa herufi ndogo chini ya kila kipande, angalau milimita 5 kutoka ukingoni, maana mashine za kuchapa bila pambizo hula kingo.

Mwambie fundi azime marekebisho ya moja kwa moja. Karatasi ikitoka, ipime kwa rula: kila kipande kiwe na upana wa sentimita 3,75, ila viwili vya pembeni vinaweza kuwa vimeliwa kidogo, hivyo pima vya katikati. Ukikuta 3,9, mashine imekuza picha kwa asilimia 4 ili ijaze karatasi. Hilo linavumilika. Ukikuta 4,2, omba wabadilishe mpangilio, kwa sababu mashine inatengeneza upya pikseli zako zote na kazi ya hatua ya 4 imepotea.

Tazama karatasi karibu na dirisha, mchana, umbali wa sentimita 30 hadi 40. Funika namba kwa kidole gumba, umwombe mtu mwingine aonyeshe kipande anachokipenda. Watu wengi huonyesha kimoja chini ya kile mpiga picha angechagua. Wafuate wao.

Jaribio hili hulifanyi kwa kila picha. Unalifanya mara moja kwa kila labo, kila aina ya karatasi na kila kundi la ukubwa, kisha unaandika namba kwenye daftari. Labo ikibadilisha mashine au karatasi, rudia.

## 9. Hifadhi nakala na uipeleke

Hifadhi faili yenye matabaka kama ilivyo. Kisha toa nakala: unganisha matabaka, rangi sRGB, biti 8, JPEG ya ubora 12 katika Photoshop au 95 katika GIMP. Usiifungue na kuihifadhi tena. Kila mara JPEG hutupa kitu, na mipaka iliyonolewa ndiyo inayopata madoa kwanza.

Jina la faili libebe kazi yake, kwa mfano `harusi_014_20x30_300_brillant.jpg`. Fundi ataona ukubwa bila kukupigia simu.

Peleka kwa flashi. Kama labo iko mbali na lazima utumie WhatsApp, ambatanisha kama *document*, si kama picha. Hapo faili hufika bila kubanwa. Mwombe fundi akutajie idadi ya pikseli alizopokea. Zikiwa tofauti na zako, asichape.

## Mabango makubwa

Bango la turubai la mita 2 kwa 1 halihitaji pikseli 300. Kwa 100 kwa inchi linataka 7874 × 3937, na linatosha kwa mtu aliye mita 3. Kwa umbali huo jicho halitenganishi kitu kidogo kuliko milimita 0,9 hivi, na pikseli moja ya bango ni milimita 0,25. Rayon ipande hadi 2 au 3, Gain 180. Kwa karibu litaonekana baya. Hakuna atakayelisoma pua ikigusa turubai.

## Karatasi ikitoka na kasoro

Imefifia yote, hata nywele. Pima kwa rula kwanza. Ukubwa ukiwa sawa, ongeza Gain 30, usiguse Rayon.

Mistari myeupe mipakani. Mistari ikiwa minene, punguza Rayon. Ikiwa myembamba lakini inang'aa, punguza Gain au rudi kwenye barakoa.

Ngozi ina chembe kama mchanga. Seuil iko chini, au hatua ya 2 ilirukwa. Panda hadi 4, na upake barakoa zaidi.

Kila kitu kimezidi, ingawa kipande cha majaribio kilikuwa kizuri. Mashine imenoa tena juu ya kunoa kwako. Fundi wa zamu nyingine huenda amewasha marekebisho ya moja kwa moja. Chapa tena kipande kile kile cha majaribio na ukiweke kando ya cha kwanza; vikitofautiana, mwonyeshe vyote viwili.

Imefifia baada ya kuplastifiwa. Plastiki isiyong'aa hupunguza weusi, na ukali huonekana umepungua pamoja nao. Picha inayokwenda kuplastifiwa hivyo ihesabu kama karatasi *mat*: Gain 180, Rayon 1,3.